Binamu Kutoka Surat

"Blauzi yako iko tayari. Ichukue kabla ya saa tano na dakika arobaini na mbili."

Haima Gudipati alisoma ujumbe ule mara moja, akaufuta.

Hakuwa amempa mtu yeyote blauzi ya kushona. Na saa tano na dakika arobaini na mbili haikuwa saa ya fundi cherehani. Ilikuwa saa ya heri aliyoipiga kuhani kwa hesabu za nyota, saa ambayo Kumudini, binti wa shangazi yake, angeolewa leo hapa hapa kijijini Mittapadu. Kama mkuu wake wa kazi ameijua saa hiyo mpaka dakika, basi kazi iko harusini.

Likizo yake ya kwanza katika miaka mitatu ilikuwa imedumu usiku mmoja.

Alinyanyua pindo la sari, akazunguka nyuma ya tangi la maji, akampigia mkuu huyo wa ujasusi, ambaye jina lake la kazi lilikuwa Fundi.

"Fundi."

"Uko peke yako?"

"Niko na nyati wawili. Wanatafuna."

"Somayya hakufa kwa moyo."

Somayya alikuwa mtu wa kijiji hiki, msaidizi wa maabara huko Hyderabad. Jumatatu alikutwa ameanguka kwenye ngazi za kazini, na Jumanne mwili wake ulichomwa moto ukingoni mwa mto, mama yake akipiga kifua. Kila mtu alisema ni moyo.

"Alikuwa na tundu la sindano shingoni," Fundi aliendelea. "Dawa ya kulegeza misuli."

"Ile?"

"Ile ile iliyomwua baba yako."

Haima alishika tangi kwa mkono wa kushoto. Alikuwa na miaka tisa wakati baba yake alipoingia hospitali kupasuliwa ngiri, akicheka, akimwahidi ladu za kunde, vitamu vya mviringo. Dawa ile hutumika kila siku duniani. Mgonjwa hulegea, mashine humsaidia kupumua dakika chache, kisha pumzi yake hurudi. Kwa baadhi ya Wamitta, jamii ya Haima, hairudi. Miili yao haina nguvu ya kuivunja, na kifua husahau kazi yake kwa saa nne nzima. Madaktari waliapa kwamba hawakukosea. Kweli hawakukosea. Hakuna aliyekuwa anajua.

Aliyekuja kujua ni Daktari Phanindra Vedula, miaka thelathini baadaye, tena kwa bahati. Kwa miaka sita alikuwa akizunguka nchi nzima, toka milima ya theluji mpaka ncha ya kusini, akikusanya mate na damu za watu ili ajue wakazi wa pande hizi walitoka wapi. Alitafuta mababu akakuta kifo. Wamitta, wafumaji wa vijiji kumi na kimoja wanaooana wenyewe kwa wenyewe tangu enzi na enzi, mmoja kati ya watano wao amebeba kasoro hiyo. Mia tatu na kumi na wawili walitoa damu. Matokeo yaliandikwa kwa namba. Majina yenye namba hizo yaliandikwa na Somayya, msaidizi wake, kwa mkono, katika daftari jekundu, akalificha nyumbani kwa mama yake ndani ya debe la mchele.

"Aliyemwua ameondoka na namba," alisema Fundi. "Tunamwita Msuka. Anafanya kazi kwa wanunuzi wa Ulaya. Sasa anataka majina. Harusi imewatoa watu wote majumbani, kwa hiyo amekuja leo."

"Picha?"

"Hatuna."

"Umri?"

"Arobaini hivi. Sura ya kwetu."

"Fundi, hapa kuna wageni mia nane wenye sura ya kwetu."

"Ndiyo maana nimekupa wewe. We si mtoto wa hapo?"

"Wanunuzi wanataka nini na majina ya wafumaji?"

"Fikiria mtu anauza orodha. Huyu ukimchoma dawa ya kawaida, ya hospitali yoyote, anakufa, na hakuna atakayeuliza swali. Kesho wataandika orodha ya watu wengine. Na wengine. Hii ni sampuli ya biashara."

Nyati mmoja alipiga chafya.

"Basi tuwatangazie watu wajihadhari."

"Hapana. Hakuna kutangaza chochote. Daftari nalitaka mimi, mkono kwa mkono. Umenisikia?"

Simu ikakatika.

Haima aliuma mdomo. Jina lake mwenyewe lilikuwa katika daftari lile. Namba themanini na nane.

*

Debe la mchele lilikuwa wazi.

Mama yake Somayya aliketi sakafuni, nywele hazijachanwa. Mwenye msiba haendi harusini, wala watu wa harusi hawaingii kwake. Haima mwenyewe alisimama mlangoni, ng'ambo ya kizingiti.

"Mama, nani amekuja hapa asubuhi?"

"Nani aje, mwanangu? Leo watu wamevaa dhahabu." Bibi alifuta pua kwa pindo. "Nilitoka kwenda kisimani tu. Niliporudi mchele umemwagika. Nikasema panya."

Haima hakumwambia ukweli. Alipiga magoti nje pale pale, akainamisha kichwa, akaondoka.

Chumbani alifungua mkoba wake wa harusi. Chini ya kikopo cha poda nyekundu palikuwa na bastola ya Browning, pingu nyembamba, na kidude cheusi mfano wa sabuni. Alikibonyeza. Papo hapo simu zote za Mittapadu zikakosa mtandao, na kwa mbali akasikia mjomba fulani akiitukana kampuni yake ya simu. Daftari likipigwa picha, picha haitakwenda popote. Kisha akachomeka sikioni redio ndogo, ambayo kidude kile hakiizuii, akaifunika kwa shada la asumini.

"Daktari, unanisikia?"

"Nakusikia." Daktari Phanindra alikuwa ndani ya gari jeupe aina ya Bolero kando ya kituo cha maziwa. Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hajalala tangu Jumatatu. "Mashine iko tayari. Nipe mate ya mtu, nipe dakika hamsini. Nitakwambia kama ni wa kwenu au la."

"Vipi utajua?"

"Watu wa nchi hii ni chai ya sufuria moja, Haima. Wawindaji wa kale, wakulima wa upande wa Uajemi, wachungaji wa nyika za kaskazini. Walichanganyika wote. Halafu, miaka kama elfu mbili iliyopita, wakajimimina kwenye vikombe maelfu, na kila kikombe kikafunikwa. Kikombe chenu nakijua ladha yake. Hakifanani na cha jirani."

"Haya. Kaa na kikombe chako."

*

Saa tatu asubuhi uani palikuwa manjano tupu. Wanawake walimpaka Kumudini manjano mashavuni, mikononi, miguuni, wakiimba nyimbo ambazo Haima asingezirudia mbele ya mkuu wake. Shangazi Ratnamala, mama wa bibi harusi, alikuwa akitoa amri kwa watu watano kwa mpigo.

"We Haima! Umekuja kula au kusaidia? Njoo umpokee mwenzio. Huyu ni Tejas, mtoto wa baba yako mdogo Mallayya wa Surat!"

Haima aligeuka.

Mwanamume mrefu, shati la hariri, saa ya Casio, kalamu ya Parker mfukoni. Alitabasamu vizuri. Baba mdogo Mallayya alihamia Surat kwenye viwanda vya nguo miaka arobaini iliyopita, akiwa na mtoto wa kubebwa, na hakuwahi kurudi naye.

"Dada Haima," alisema yule mtu, akiunganisha viganja. "Baba anawasalimu. Yuko Kashi, kuhiji. Alishinda tiketi kwenye bahati nasibu."

"Bahati nasibu gani?"

"Hata yeye hakumbuki kucheza," alicheka.

Kitelugu chake kilikuwa safi mno, kama kilichofuliwa na kupigwa pasi. Lakini watoto wa Surat wote huongea hivyo. Na kwa Haima alipatia: watoto wa ndugu wawili wa kiume ni kaka na dada.

Ndipo wanawake walipomsukuma mbele ya bibi harusi.

"Haya, mtoto wa mjomba!" mmoja alipiga kelele. "Huyo alikuwa wako, anachukuliwa na mwingine. Unasemaje?"

Uani wote wakasubiri. Kwa Wamitta, mtoto wa kiume wa mjomba ndiye mume wa haki. Akimkosa binti wa shangazi yake, siku ya harusi hana budi kulalamika, kumpaka manjano machoni, kudai fidia ya kilo ya ladu. Hata vizee wasio na meno hufanya hivyo. Ni utani, lakini ni utani wa lazima.

Yule mtu alikunja mikono, akainama kwa heshima.

"Namtakia dada yangu maisha mema."

Uani pakalipuka kwa kicheko.

"Dada yako!" Shangazi Ratnamala alishika mbavu. "Toba! Kwani huko Surat mnaoa nani, mbuzi?"

"Msameheni, amekulia kwa watu wa kaskazini," mwingine alisema. "Kule binamu wote ni dada."

Haima alicheka pamoja nao. Macho yake hayakucheka. Mtoto anaweza kupoteza lugha, akapoteza hata jina, lakini nani alelewe na mwanamke wa Kimitta jikoni asijue nani wa kumtania? Mwacha asili ni mtumwa, wahenga walisema. Huyu hakuonekana kama ameiacha. Alionekana kama hajapata kuiona.

Mtu alileta maziwa ya mtindi katika bilauri ya bati, ile ya kupokezana. Kila mmoja aliinua juu akajimiminia kooni bila kuigusa. Tejas alipopewa, aliitia mdomoni akanywa.

Haima alikuwa wa kwanza kuipokea.

"Nitaiosha mimi," alisema.

*

Dakika hamsini ni nyingi.

Haima alizunguka hema la harusi huku na huku, akipanga maua ambayo tayari yalikuwa yamepangwa. Yule mtu alikuwa mara hapa, mara pale, akibeba viti, akisifia wali wa ukwaju. Wazee walimpenda. Kila alipompita mtu, Haima alitazama kalamu ile mfukoni. Nani tena anatumia wino siku hizi?

Saa tano kasoro dakika tatu, redio ililia sikioni.

"Haima," alisema Daktari. "Ni wenu."

"Sema tena."

"Ni Mmitta. Kikombe ni hicho hicho. Ana vipande virefu vya vinasaba vinavyolingana na vya watu wa Mittapadu kabisa. Na kasoro anayo, kutoka kwa baba na mama. Huyu amezaliwa na watu wa hapa."

Fundi aliingia kwenye laini kutoka Hyderabad, kupitia setilaiti ya Bolero, kabla Haima hajajibu. "Basi si yeye. Tafuta mwingine, umebaki na dakika arobaini na tano."

"Fundi, mtu huyu hajui..."

"Hajui nini? Kutania? Mashine imesema. Achana naye."

Haima alisimama katikati ya watu mia nane, akahisi yuko peke yake. Damu inasema ni wetu. Mdomo unasema si wetu. Mmoja kati ya hao wawili anasema uongo, au wote wawili wanasema kweli. Hilo la pili lilimtisha zaidi.

Saa tano na dakika ishirini likaletwa kapu la mianzi.

Bibi harusi wa Kimitta haendi kwa miguu. Huketi ndani ya kapu, na wajomba zake humbeba mpaka jukwaani. Mallayya hayupo, kwa hiyo mzee mmoja wa ukoo akajitokeza, akafunga shuka kiunoni.

"Niacheni nibebe mimi," Tejas alisema, ameshika ukingo. "Kwa niaba ya baba."

Wanawake wakaanza tena. "Jamani! Amenyang'anywa mke, na bado anampeleka mwenyewe kwa mwenzake!" Mzee akakataa, ni mwiko. Tejas akasisitiza, anacheka, anatoa jasho. Mwishowe, kwa kuwa kuhani alikuwa akipiga kelele kuhusu saa, wakamwachia upande mmoja.

Haima aliona mkono wake. Kabla Kumudini hajaketi, mkono ule ulipita chini ya kitambaa chekundu cha kapu. Ulitoka mtupu.

Kumudini aliketi. Alibebwa katikati ya halaiki, chini ya maua na ngoma, ameketi juu ya majina mia tatu na kumi na mawili.

*

Kapu lilikuwa la kukodi, kama viti na mahema. Bibi harusi alipokwisha kushuka, lilitupwa kando ya nguzo, na getini lori la wenye mahema lilikuwa linanguruma. Dereva alivaa miwani ya jua. Hakuwa dereva aliyeleta mahema jana.

Haima alilichukua kapu, akaelekea nyuma ya jiko.

Alisikia nyayo. Hakugeuka.

"Dada, hilo ni la kukodi."

"Najua. Nalirudisha."

"Nipe nikusaidie."

Sasa aligeuka. Walikuwa wawili tu, kati ya ukuta na rundo la majani ya migomba. Nyuma ya yule mtu wapishi walikuwa wakichota wali. Kwa bastola, risasi ingeweza kumpata yeyote kati yao, naye Msuka alikuwa amechagua mahali pake akilijua hilo.

"Jina lako nani?" Haima aliuliza.

"Halitakusaidia." Sauti ya Surat ilikuwa imekwisha. "Wewe ni themanini na nane. Nimesoma. Baba yako alikufa kwa ngiri. Nawajua ninyi watu kuliko mnavyojijua. Babu zenu wa miaka elfu mbili nawajua."

"Lakini hukujua nani wa kumtania."

Alikunja uso kidogo. "Nini?"

"Ulizaliwa wapi?"

"Guntur. Kwenye kituo cha yatima. Nikachukuliwa Antwerp nikiwa na miezi mitano, nikalelewa na watu wazuri. Unataka kunililia?"

"Ulikunywa kwenye bilauri yetu. Tumepima. Wewe ni mtoto wa hapa."

Alicheka kwa dhati. "Kila mpelelezi ana hadithi yake," alisema, akachomoa kalamu.

Haikuwa na wino.

Wakati huo huo, jukwaani, kuhani aliinua mkono. Saa tano na dakika arobaini na mbili. Ngoma na zumari za nagaswaramu zikavuma kwa nguvu zote, kama desturi inavyotaka, ili neno lolote baya lisisikike katika saa ya heri. Watu mia nane wakasimama wakirusha mchele.

Hakuna aliyesikia kapu likivunjika.

Msuka alimrukia shingoni. Haima alilipokea pigo kwa kapu, mianzi ikapasuka, sindano ikapita sentimita moja kutoka sikioni. Aliingia chini ya mkono wake, akaukamata kifundo, akauzungusha kama alivyofundishwa, uzito wake wote kiunoni. Walianguka juu ya majani ya migomba. Yule mtu alikuwa chini. Kalamu ilikuwa imezama pajani mwake mpaka kifunikoni.

Aliitazama, akaing'oa, akaitupa. Hata akatabasamu.

"Dakika tano nitakuwa sawa," alisema. "Hii inaua ninyi tu."

"Ndiyo," alisema Haima.

Kope zilianza kucheza. Taya likalegea. Vidole, magoti, shingo, vikaondoka kimoja kimoja. Mwisho kifua kikainuka mara moja, nusu, kikatulia. Macho yalibaki wazi. Dawa ile hailazi akili, na Haima aliona ndani ya macho yale mtu akielewa.

Alimfunga pingu. Kisha akapiga magoti, akamkamata pua, akampulizia pumzi yake mdomoni.

"Daktari! Nyuma ya jiko! Leta mpira wa kupumulia!"

Daktari alifika akikimbia, suruali ina tope. Tangu Jumatatu alikuwa hatembei bila mpira ule. Aliushikiza usoni pa mtu, kisha mkono ukasimama.

"Ni huyu aliyemwua Somayya?"

"Ni huyu."

Mkono haukubana. Ngoma zilikuwa zikipiga bado. Haima alihesabu kimoyomoyo: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita.

"Daktari. Bana."

"Somayya alilala kwenye ngazi hivi hivi. Macho wazi. Hakuna aliyembania."

"Najua. Baba yangu pia. Bana."

Daktari alifunga macho, akabana.

*

Fundi alikuwa sikioni. "Umelipata daftari? Lifunge, njoo nalo Hyderabad. Yule mfu mwacheni."

"Si mfu."

"Saa nne za kumpumulisha muuaji? Mna wazimu? Daftari, Haima. Unajua thamani yake? Na sisi tuna maadui wetu. Na sisi tutahitaji orodha siku moja."

Haima alilitazama daftari jekundu lililodondoka kapuni, limechanika pembe, mwandiko wa Somayya ukichungulia. Mara moja akaelewa kwa nini hakutakiwa kutangaza. Kikulacho ki nguoni mwako.

Aliing'oa redio chini ya asumini, akaitumbukiza katika ndoo ya mtindi.

"Daktari, hili ni jasho lako la miaka sita."

Daktari aliendelea kubana, kuhesabu, kuachia. Alijibu bila kuinua kichwa. "Mababu watasubiri. Wamezoea."

Haima alitembea hadi jukwaani, sari ina tope, nywele zimefumuka. Moto mtakatifu ulikuwa unawaka, kuhani anaumiminia samli. Alilitumbukiza daftari katikati. Kuhani alimtazama, akatazama moto, na kwa kuwa alikuwa mtu mwenye busara, akaongeza samli.

Kisha Haima akachukua kipaza sauti.

"Ndugu zangu, samahanini kuharibu saa nzuri. Nisikieni wote, vijiji vyote kumi na kimoja. Baba yangu mnakumbuka alivyokufa. Somayya mnakumbuka. Mnakumbuka na wengine, kila nyumba ina wake, tukasema ni jicho baya. Si jicho. Ni dawa moja ya hospitali ambayo miili yetu haiiwezi." Alilitaja jina la dawa, polepole, mara tatu, akawataka watoto walirudie. "Mkienda kupasuliwa, kabla hamjalala, semeni: sisi ni Wamitta, hiyo msituchome, tupeni nyingine. Mfundisheni kila mtoto. Mwandikieni binti aliyeolewa mbali. Kuna mtu alitaka kuwauza kwa sababu hamkujua. Sasa mnajua. Hana tena cha kuuza."

Hakuna aliyepiga makofi. Mwanamke mmoja aliangua kilio, akitaja jina la mwanawe. Halafu watoto wakalirudia jina la dawa tena, wenyewe, kwa sauti ya darasani.

Getini lori liliondoka kwa kasi, tupu. Polisi walilikamata kwenye kivuko cha reli.

*

Nyuma ya jiko Daktari alikuwa bado anabana. Shangazi Ratnamala alifika na dhahabu zake zote, akamtazama mtu aliyelala na pingu.

"Huyu si mtoto wa Mallayya."

"Si yeye, shangazi. Lakini ni wetu. Alizaliwa hapa, akatupwa Guntur, akachukuliwa Ulaya. Ndiye aliyemwua Somayya. Na kwa dawa ile ile sasa anakufa, tukiacha kubana."

Machozi yalimtoka Shangazi, ya hasira au ya nini, hata yeye pengine hakujua.

"Miaka arobaini hivi?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Ulikuwa mwaka wa njaa. Nyumba tatu zilisema mtoto alizaliwa amekufa." Alivua bangili, akazitia kiunoni. "Sogea, Daktari. Nionyeshe."

"Bana, hesabu tano, bana tena."

Walipokezana. Shangazi, kisha mpishi mkuu, kisha mzee aliyenyimwa kapu, kisha Kumudini mwenyewe na manjano yake mashavuni. Saa nane mchana alikuja mtu ambaye hakuna aliyemtarajia: mama yake Somayya, nywele hazijachanwa, mwiko umewekwa kando. Watu wakampisha. Alikaa, akaushika mpira, akamtazama yule mtu machoni, naye hakuweza kuyafumba wala kuyageuza.

Bibi alibana zamu yake nzima. Hakukosa hesabu hata moja.

Saa tisa na nusu kidole kikacheza. Saa kumi kifua kikavuta pumzi yenyewe, na machozi yaliyokuwa yamejaa kwa saa nne yakatelemka. Polisi walikuwa wamekwisha kufika, wamesimama kando, hawajui wavue kofia au la.

"Mimi..." Sauti ilikuwa kama ya mtoto mchanga. "Mimi ni nani wenu?"

"Bado hatujui," alisema Shangazi Ratnamala. "Kwanza tumtafute mama yako. Ndipo tutajua nani akutanie, na nani akuheshimu." Alivaa bangili zake. "Nawe utatutajia wenzako wote, na utamjibu mama huyu kuhusu mwanawe. Mahakamani, na hapa."

Polisi walimchukua. Shangazi aliwafuata mpaka garini akiwa na furushi la jani la mgomba.

"Huyu hajala," aliwafokea.

Haima aliazima pikipiki ya mpiga picha, Royal Enfield, akafunga sari magotini. Alikizima kidude cheusi, na simu yake ikalia hapo hapo. Aliitazama kidogo kabla ya kupokea.

"Umefanya nini?" alipumua Fundi. "Umefanya nini, Haima?"

"Blauzi haikunitosha, Fundi. Nimewagawia wote."

Alikata, akapiga pikipiki teke, akapita kando ya kituo cha maziwa bila haraka. Barabarani watoto wawili walikuwa wakirudi kutoka harusini, midomo imejaa ladu, wakiimba jina la dawa.